Mistari Arobaini na Sita ya Maji

Nilikuwa na vyumba sita vya mabati kule Jebel, kwenye kiwanja nilichokodi kwa mwenyeji mmoja wa hapa Juba. Maji yaliletwa na mchuuzi Mganda, mtu mzima mwenye baiskeli na mitungi ya njano. Wapangaji walinilipa kodi na maji yakiwa humo humo, kisha mimi nikamlipa yeye mwisho wa mwezi.

Hesabu yetu ilikaa ukutani. Kila safari aliyojaza pipa la uani, alichora mstari mmoja wa makaa kando ya lango. Mwezi ukiisha tulihesabu pamoja, nikalipa, akafuta kwa kitambaa kibichi. Hatukuwahi kukosana.

Mkataba wa kiwanja ulipokwisha, mwenye ardhi alitaka ukuta urudi mweupe. Siku hizo nilikuwa na hasira na kila mtu. Wapangaji wawili walikuwa wamehama bila kulipa, na mabati niliyauza kwa bei ya kutupa. Asubuhi ile, kabla fundi hajaanza kupaka chokaa, niliupiga ukuta picha. Ni tabia yangu. Mimi ni mhasibu, siachi kitu bila ushahidi.

Kesho yake mchuuzi alikuja kudai maji ya miezi miwili ya mwisho, ambayo nilikuwa nimemwambia asubiri. Nilimwonyesha ukuta.

"Mzee wangu, sasa tutahesabu nini hapa?"

Alicheka, akidhani namtania. Aliponiona sicheki, akaugeukia ukuta.

"Madam, si wewe najua ni ngapi?"

Nilimwambia sikumbuki. Simu yenye picha ilikuwa mkononi mwangu.

Naandika haya uso ukiniwaka. Sikuwa na shida yoyote, mshahara wangu ulikuwa unaingia. Nilimdhulumu kwa sababu tu iliwezekana, na usiku huo nilikula nikashiba.

Mwaka uliofuata niliitwa ofisi ya ushuru nikaeleze mapato ya vyumba vile. Karani, kijana mpole, alinifafanulia kwamba ushuru unatozwa kwenye kile kinachobaki baada ya gharama. Kama kuna gharama ya wakati wa wapangaji ambayo sikuilipa, nikiilipa sasa itaondolewa, hata kama vyumba si vyangu tena. Alitaka mambo mawili tu: sahihi ya aliyelipwa, na ushahidi wa kiasi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mchuuzi. Jumapili zote nilizopiga magoti kanisani hakunijia akilini hata mara moja. Alinijia mbele ya dirisha la karani, na nikafurahi.

Nilimpata mtaa wa Hai Cinema, akishusha mitungi kwenye mkahawa. Aliponiona aliegemeza baiskeli, akanipa mkono wake uliolowa.

"Madam! Mimi nilisema utarudi. Watu iko nasema wewe mwizi, mimi nakataa. Nasema hapana, huyu mama iko na shida tu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini karatasi ya kutia sahihi ilikuwa mkobani, kwa hiyo nilitabasamu.

"Ilikuwa safari ngapi?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Arobaini. Tufanye arobaini, khalas, basi."

Zilikuwa arobaini na sita. Nilitaka zote, maana kila mstari ungenipunguzia ushuru. Basi nikatoa simu, nikamwonyesha picha, nikijiona mwema kabisa kwa kumwongezea sita.

Alihesabu kwa kidole, taratibu, akifika mwisho wa kila safu anapumzika. Kisha kidole kikasimama pembeni ya picha, kwenye ndoo ya chokaa na brashi ya fundi.

"Hii ni siku ya kupaka," alisema.

Nilifungua mkoba kutafuta pesa.

"Kumbe ulikuwa nayo."

Hakupaza sauti. Nilitoa pesa za safari arobaini na sita, nikaongeza nyingine juu. Alizihesabu, zile za juu akanirudishia mkononi, akatia sahihi nilipomwonyesha. Kisha akaingia ndani ya mkahawa kudai malipo ya mitungi yake, na hakuniaga.

Nilikaa siku tatu na ile karatasi. Niliona haya hata kuifungua, lakini sikuichana. Siku ya nne niliipeleka kwa karani pamoja na picha, naye akaniondolea ile gharama bila kuuliza swali. Picha nilikuwa nimeikata pembeni, ndoo isionekane.