Kishikio cha Bunduki ya Mume Wangu

Mume wangu aliumia mkono wa kushoto katika kiwanda cha kuchambua pamba, msimu ule ambao wanunuzi binafsi walianza kuingia Bariadi na malori yao, na mashine zikawa hazizimwi hata watu wakienda kula. Hospitali ya Mwanza walimtibu vizuri, lakini alirudi nyumbani Ngulyati na vidole viwili tu katika mkono ule, gumba na cha shahada. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale pale kijijini. Nilimpokea stendi, akanisalimia kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameusokomeza mfukoni mwa koti, na jua lilikuwa kali.

Koti lile alilivaa miezi mingi. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, upande wa ukutani. Nyumbani alikula kwa mkono mmoja na hakutaka nimshikie bakuli.

Alikuwa na bunduki ndogo aliyorithi kwa baba yake, yenye leseni, ya risasi nyembamba kama kipande cha penseli. Ilikuwa ya kuwindia kanga wa porini, wale ndege wanaofukua karanga mara tu zinapopandwa. Tulipokuwa wachumba aliwahi kuwapelekea wazazi wangu kanga wawili, na mama yangu alimsifia kwa majirani mpaka nikaona haya. Sasa kanga walikuwa wanaingia shambani kwetu asubuhi kama wamealikwa.

Siku moja aliitoa bunduki akajaribu kulenga kisiki. Mti wa mbele, pale mkono wa kushoto unaposhika chini ya mtutu, ulikuwa mwembamba na umelainika kwa kushikwa miaka mingi. Kwa vidole viwili haukushikika. Mtutu ulizama, akauinua, ukazama tena. Nilikuwa naanika nguo, nikageukia kamba nisionekane nimeona.

"Nitaipeleka polisi," alisema usiku ule tukila. "Waichukue. Bunduki bila mwenyewe ni ya nini?"

Likizo ilipofika nilikwenda Mwanza kununua vitambaa vya sare za watoto. Maduka ya Mwanza wakati ule yalikuwa yamebadilika. Mahali tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni sasa palikuwa na redio, baiskeli, viatu vya kila namna, na vitu ambavyo sikujua hata kazi yake. Nikaingia duka moja la nyavu na vifaa vya uwindaji. Mwenye duka alikuwa mzee Mhindi aliyezaliwa mji ule ule. Nilimwamkia, akaitika akauliza nataka nini, na nikajikuta namweleza habari zote za mkono.

Alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Vimebaki vidole gani, mama?"

Nilipomwambia, alikunja vidole vyake vitatu, akafungua maboksi mapya, akawa anashika kitu kimoja baada ya kingine kwa gumba na cha shahada. Mwisho akaniletea kishikio cha plastiki nyeusi, vipande viwili vinavyofungwa kwa skrubu kuuzunguka mtutu. Kilikuwa kinene, kina mikwaruzo ya kuzuia mkono kuteleza, na chini yake kulikuwa na kinundu ambapo kidole kingeweza kukingama.

"Hakikutengenezwa kwa bunduki yenu hasa," alisema. "Kitahitaji kupigwa tupa kidogo. Lakini mkono kama huu utakishika."

Nyumbani nilikiweka mezani, nikamweleza. Mume wangu alikigeuza mara moja kwa mkono wa kulia, akakirudisha mezani.

"Nani alikwambia nahitaji mkono wa dukani?"

"Hakuna aliyeniambia, baba."

Akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Nilikaa pale na kile kipande cha plastiki, nikajuta kidogo, kisha nikaacha kujuta, nikaenda kupika.

Jumapili baada ya ibada, watoto wakiwa wamekwenda kwa mama yangu Maswa, aliitoa bunduki mwenyewe akaiweka juu ya mkeka. Alifungua boliti, lile komeo la nyuma ya mtutu, akachungulia kama kuna risasi, kisha akanipa na mimi nichungulie. Hakukuwa na kitu.

"Mayu, lete bisibisi ya cherehani," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ndivyo alivyoniita tangu tupate mtoto wetu wa kwanza, na tangu aumie sikuwa nimelisikia neno hilo.

Mti wa zamani ulishikiliwa na skrubu moja tu, nayo ilikuwa imeganda. Tuliitia mafuta ya taa tukasubiri. Yeye akasukuma bisibisi kwa kiganja cha kulia, mimi nikazungusha, mpaka ikalegea na mti ukatoka. Chini yake mtutu ulikuwa unang'aa kama mpya.

Kishikio kilikuwa kimebana upande mmoja. Nikakishika kati ya magoti yangu, yeye akapiga tupa kwa ndani, unga mweusi ukaanguka kwenye kitenge changu. Tulipima, tukapiga tupa, tukapima tena. Sasa kikawa kinacheza. Akafikiri, akaniagiza kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikakata utepe, tukauzungusha kwenye mtutu, vipande viwili vikaukumbatia.

"Usikaze sana," alisema. "Ukiubana mtutu, risasi inakwenda inakotaka yenyewe."

Skrubu ya mwisho ilikuwa ndogo mno. Ilihitaji mtu mmoja aishikilie na mwingine azungushe. Alitoa mkono wa kushoto, akaishika ile skrubu kwa vidole vyake viwili, nami nikaweka bisibisi juu yake. Vichwa vyetu vilikuwa karibu kugongana. Niliona makovu kwa karibu kwa mara ya kwanza, mekundu na laini kama ngozi ya mtoto mchanga. Hakuuondoa mkono.

"Inauma?" nikauliza.

"Asubuhi, kukiwa na baridi."

Tulipomaliza nikaushika ule mkono, akauacha ndani ya mkono wangu mpaka jirani alipopiga hodi.

Aliipeleka bunduki polisi wakaione ilivyobadilishwa. Askari alilinganisha namba na leseni, akasema haina tatizo.

Juma lile lile tulikwenda wote wawili shambani alfajiri. Kanga walikuja wakirandaranda, wakifukua. Alilaza mkono wa kushoto kwenye kishikio, kidole kikakingama kwenye kinundu, mtutu ukatulia. Akafyatua. Kanga wote waliruka na kelele zao, hakuanguka hata mmoja. Nilimtazama kwa hofu, lakini alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Wamenisahau hawa," alisema. "Itabidi tujuane upya."

Asubuhi iliyofuata alimpata mmoja. Nilimbeba yule ndege, yeye akabeba bunduki, tukarudi polepole kupitia majarubani. Koti alikuwa ameliacha nyumbani. Njiani alianza kunisimulia siku ile ya kiwandani, jambo ambalo hakuwahi kulisema hata hospitalini. Alisema pamba ilikuwa imeziba mashine, mwenzake akataka kuizibua, naye akamsukuma pembeni akaingiza mkono wake mwenyewe, kwa sababu mwenzake alikuwa na harusi wiki ile. Alisema hakusikia maumivu mwanzoni. Alichofikiria ni kwamba pamba safi ya watu inachafuka.

Tulipofika uani alinisaidia kunyonyoa manyoya, akauliza kama nitampika na nyanya au na karanga. Nikamwambia na karanga, zilizosalia.

"Wabeja, mayu," alisema. Asante, mama. Akaenda kuchota maji.