Kitambaa Nilichomfumia Wifi

Mtaani kwetu wanamwita Mama Herufi, ila mimi namwita wifi, kwa kuwa ni dada wa marehemu mume wangu, na tumetaniana miaka hamsini bila kuchoka. Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, tena nilimaliza wa pili, na aliyekuwa wa kwanza namkumbuka mpaka pengo la jino lake. Haya ninayoyaandika sikusimuliwa, niliyaona.

Wifi alianza kupiga taipu akiwa na miaka kumi na tisa, kwa bosi aliyemsomea barua za kuchapa huku akizunguka chumba kama mtu aliyepoteza funguo. Vidole vya wifi vilizijua herufi kabla macho hayajafika. Kompyuta zilipoingia maofisini, wenzake wengi walifunga virago. Yeye, miaka hamsini na ushee, alifunika kibodi kwa gazeti akajifundisha upya, kwa ukaidi tu. Mpaka leo, akifika mwisho wa mstari, mkono wake wa kushoto unanyanyuka kusukuma kile chuma cha taipureta ambacho hakipo. Ukimcheka anakuambia, "Mkono wangu una adabu kuliko wewe."

Alipostaafu aligeuza chumba cha mbele kuwa ofisi. Anachapa barua za kuomba kazi, za malalamiko, za kuomba radhi. Za matusi hachapi. Lakini kazi anayotembea nayo kifua mbele ni moja: mitihani ya shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yake. Miaka kumi na minane, hakuna swali hata moja lililovuja. Akiwa na mitihani, haingii mtu chumbani ila mimi. Niliwahi kumuuliza kwa nini mimi naruhusiwa.

"Wewe hata ukiliona swali, hutajua linataka nini," akasema.

Sikusahau.

Sasa mwaka huu mwalimu wa sayansi alileta michoro: moyo, jicho, mmea na mizizi yake. Kompyuta ya wifi ni ya mezani, ya siku nyingi. Ukiifungulia picha moja inaganda, ukiongeza ya pili inazimika kabisa. Jumanne mwalimu mkuu akaja, akaamkia vizuri, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, mitihani inaanza Jumatatu. Ikifika Ijumaa mchana haijawa tayari, itabidi niipeleke kwenye lile duka la kuchapisha la stendi. Utanisamehe."

"Haina neno, mwalimu," wifi akamjibu, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha akarudi akakaa mbele ya skrini kama mtu aliyeambiwa ahame. Siku nzima hakunitania hata mara moja. Hapo nikajua limemgusa.

Kesho yake tukaenda kwa fundi wa kompyuta, binti mpole mwenye kibanda sokoni. Wifi hutunza kila karatasi, kwa hiyo alimpelekea ile ya maelezo aliyopewa siku ya kununua mashine. Binti akaisoma, akasema mashine huenda ni nzima, ila memori yake ni ndogo.

"Ni kama meza, mama. Meza ndogo, karatasi nyingi, lazima zidondoke. Niletee boksi la kompyuta nikuongezee memori, nusu saa tu."

"Boksi lenye mitihani halitoki nyumbani kwangu."

"Basi nije mimi."

"Na wewe huingii."

Binti akaniangalia mimi, nami nikaangalia pembeni. Akatoa kipande chembamba cha kijani, kirefu kama kitana, akatuelekeza: chomoeni waya wa umeme, guseni kwanza chuma cha boksi ili umeme wa mwilini usikiunguze, kishikeni kwa pembeni, na pengo lake lilingane na lile lililo kwenye tundu la kukichomekea.

Alhamisi asubuhi tukafunga mlango. Mimi nilishika tochi, wifi bisibisi. Kila skrubu iliyotoka aliiweka kwenye kisosi kwa zamu yake. Ubavu wa boksi ulipofunguka, tukachungulia wote wawili. Kulikuwa na vumbi, na ndani ya vumbi nyuzi za pinki na kijani zimejisokota kwenye feni kama kiota.

Nilizijua. Miaka minne iliyopita nilimfumia kitambaa cha kufunikia kompyuta, chenye vishada pande zote. Alikiacha juu ya boksi hata mashine ikiwaka, ili wateja wakione. Feni ikivuta hewa, ilivuta na kazi yangu.

"Wifi, hizo nyuzi..."

"Shika tochi vizuri," akasema.

Ni afadhali angenisema.

Tukasafisha kwa brashi mpya ya rangi. Akakiweka kipande taratibu, kama anamlaza mtoto mchanga, tukarudisha waya, akawasha. Skrini ikabaki nyeusi. Boksi likalia pii, pii, pii. Akalizima, akatazama mlango kana kwamba mwalimu mkuu yuko nje anasikiliza. Kisha akampigia binti simu, akaweka spika.

"Mama, ulisukuma mpaka vile vishikizo vya pembeni vikajifunga vyenyewe?"

"Tangu nianze kazi sijawahi kuilazimisha mashine."

"Hii inataka nguvu, mama. Bonyeza pande zote mbili. Ikigoma, mulika ndani ya tundu, huenda kuna uchafu."

Tukachomoa waya tena. Wifi akabonyeza, lakini vidole vilivyozoea kugusa tu havikufua dafu.

"Sogea," nikamwambia. "Hivi vidole gumba vimekanda unga miaka sitini."

Nikabonyeza. Upande mmoja ukakaa, wa pili ukakataa. Nikakitoa, nikamulika. Chini kabisa mwa tundu kulikuwa na uzi mmoja wa pinki, umelala kimya kama hauhusiki. Nikachukua mkoba wangu, nikatoa sindano ya kufumia, ile ya plastiki. Nikaiingiza pembeni, nikauzungusha, nikavuta. Ukatoka mzima, mrefu kama kidole. Nikarudisha kipande, nikakisimamia kwa gumba zote mbili. Ta, upande huu. Ta, upande ule.

Kompyuta ikawaka bila kulia. Wifi akafungua moyo, jicho na mmea, vyote kwa pamoja, na vyote vikatulia. Hapo hapo akaanza kuchapa, mkono wa kushoto ukinyanyuka kila mstari. Nami nikasoma juu ya bega lake. Mtihani umeshafanywa, ndiyo maana nasema.

"Swali la tisa," nikamwambia. "Mshale umeelekea kwenye kope, na katika majibu yote manne hakuna kope."

Akavaa miwani, akalitazama kwa muda. "Nitamwambia mwalimu." Kisha akageuka. "Nani kakuambia usome?"

Ijumaa saa nne mwalimu mkuu alikuta bahasha zimefungwa, zimepangwa kwa madarasa. Akauliza ni fundi gani aliyefufua mashine.

"Wifi yangu huyu," wifi akamjibu. "Alimaliza wa pili darasani."

Kitambaa changu sasa kimefunika taipureta yake ya zamani, ambayo haivuti hewa. Nimemwambia nitamfumia kingine cha kompyuta, cha kuivisha ikishazimwa tu. Amesema atakipokea, mradi kisiwe na vishada.