Usubi wa Tshopo na Kurasa Nne za Kifaransa

Miaka ile ya hamsini, walipokuwa wakijenga bwawa la umeme kwenye maporomoko ya Tshopo, nilikuwa msaidizi kijana katika maabara ya hospitali moja ya Kisangani. Kazi yangu ilikuwa usubi, wale wadudu weusi wadogo wanaouma watu kando ya maji yenye kasi na kuwaachia ugonjwa wa kuwasha ngozi, ambao mwishowe huua macho. Nilikwenda mtoni kwa baiskeli, nikageuza mawe, nikahesabu mabuu yaliyoyang'ang'ania, nikarudi. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu haikunitaka nikae.

Mateso yalianza siku daktari wetu, Mbelgiji wa sauti ndogo, aliponiambia niandike makala ya kurasa nne, kwa Kifaransa, kwa ajili ya jarida la madaktari wa jimbo.

Shuleni kwa mapadri nilikuwa nikisifiwa kwa insha. Basi nikaanza na ukuu wa mto, nikapitia kwa mababu, nikaufikia usubi kwenye ukurasa wa tatu. Daktari alisoma amesimama. Akaukata kwa kalamu ukurasa wa kwanza wote, kisha wa pili.

"Mto naujua," alisema. "Wewe uliona nini?"

Nyumbani kiti kikawa cha moto. Niliandika sentensi, nikainuka, nikaenda mpaka barabarani, nikarudi kuifuta. Mke wangu alileta lituma, ndizi za kupondwa, na samaki, akaningoja.

"Papa, iko nini? Kaa basi, chakula inapoa."

Nikakaa, nikala matonge mawili, nikainuka tena kwa kuwa nilidhani nimepata neno. Nilipoliweka kwenye karatasi likawa si neno tena.

Hata hivyo nilipata sentensi moja niliyoipenda: ujenzi wa bwawa umepunguza usubi wa Tshopo. Ilikuwa fupi, haina mababu. Nikampelekea mwenzangu wa maabara, kijana wa familia ya wavuvi wa Isangi, ambaye hakuwahi kuharakisha jambo. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Hiyo uliona, ao unafikiri?"

"Niliona! Mbele ya ujenzi mabuu ilikuwa mingi, sasa iko kidogo. Unataka nini tena?"

"Bon. Mingi, kisha kidogo, hiyo uliona. Ile 'umepunguza', uliona wapi?"

Nilimwambia ananionea wivu. Nikachukua baiskeli, nikaondoka.

Njiani niliendelea kumjibu peke yangu, kwa sauti, hata mama mmoja aliyebeba kikapu akanipisha. Nilipofika mtoni nikakuta maji yamejaa, maana huko juu mvua zilikuwa zimenyesha sana. Niliyatafuta mawe mapana ya katikati, yale niliyozoea kuanza nayo. Hayakuonekana. Ndipo nikakumbuka kwamba kadiri maji yalivyopanda nilikuwa nikisogea nyuma, nikihesabu mawe ya ukingoni, ambako maji yanakwenda polepole na usubi hautagi mayai. Huenda usubi haukupungua. Huenda ni mimi niliyesogea.

Nilizunguka pale ukingoni, mbele na nyuma, wafanyakazi wa bwawa wakinishangaa. Nikiliandika hili, makala itabaki na nini? Nisipoliandika, nani atajua?

Asubuhi nilimweleza mwenzangu. Hakucheka.

"Donc andika vile. Maji ilipanda, ukabadilisha mawe."

"Lakini makala itakufa."

"Haitakufa. Itakuwa fupi tu."

Tukaiandika pamoja, yeye mezani, mimi dirishani nikisema maneno, naye akinisimamisha kila nilipoanza kupamba. Mwishoni tulisema hatujui kama sababu ni ujenzi au maji, na kwamba maji yakishuka tutahesabu tena palepale. Neno hilo, 'hatujui', liliniuma. Ilinibidi niwaandikie Wazungu kwamba sijui, na wengi wao walikuwa wameshaamini hivyo kabla sijafungua mdomo.

Safari hii daktari alisoma amekaa. Alifuta maneno mawili tu.

Jarida lilipotoka, jina la daktari lilikuwa juu. Yetu yalikuwa chini kabisa, kwenye shukrani. Mwenzangu alilifunga, akarudi kwenye darubini yake. Mimi nilikwenda kugonga mlango wa daktari. Alisema ndiyo desturi ya jarida.

"Maji yatashuka," nikamwambia. "Tutahesabu, na hiyo makala tutaiandika kwa majina yetu."

"Iandikeni kwanza," alisema.

Maji yaliposhuka tulikwenda wote wawili, tukayatia mawe yetu rangi ili tuhesabu yaleyale kila mara. Karibu na ujenzi usubi ulikuwa umepungua kweli. Mbali kidogo, haukupungua. Kuandika mambo hayo mawili bila kusema zaidi ya tulichoona kulitugharimu zaidi ya mwaka. Makala ikatoka na majina matatu, la daktari mbele, yetu yakifuata kwa herufi za ukubwa uleule. Mwenzangu alicheka mpaka akashika meza. Mimi niliisoma barazani, na kabla sijafika mwisho nilikuwa nimeona sentensi moja niliyotamani kuifuta.