Siku Niliyompita Mama Mkwe kwa Sababu ya Masizi

Kutoka nyumbani hadi dukani kwangu Ng'ambo, ninakouza vipuri vya baiskeli, ni dakika tano kwa gari. Miaka yote nilikwenda kwa baiskeli, mpaka goti la kulia likakataa. Ndipo nikanunua gari la dizeli, mtumba lakini zuri, lenye viti vinavyojipasha moto vyenyewe, jambo ambalo Tabora hatujawahi kulihitaji.

Mwezi wa tatu ikawaka taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, na gari likaanza kujivuta kama limebeba magunia ya mpunga. Nilimpelekea fundi wangu, mzee wa mjini, mtaratibu, asiyekosa kofia yake nyeupe hata akiwa chini ya gari. Hakufungua boneti. Aliniuliza tu gari hilo huwa linakwenda wapi. Nilipomweleza, akanitazama kwa huruma. Akasema kwenye bomba la moshi kuna chujio linalonasa masizi, na masizi hayo huungua yenyewe gari likienda mbali na kupata moto wa kutosha. La kwangu halijawahi kupata moto. Dawa ilikuwa kutoka nalo barabara kuu, nusu saa mfululizo, mshale wa mizunguko ya injini usishuke chini ya elfu mbili, mpaka taa izime.

"Ukisimama katikati, unaanza upya," alisema. "Usisimame kwa mtu yeyote."

Jumamosi asubuhi nilishika barabara ya Sikonge. Mke wangu aliniuliza nafuata nini huko, nikamwambia nakwenda kuchoma masizi. Alinitazama kidogo, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Karibu na Kipalapala, dakika ya kumi na mbili, nilimwona mwanamke mtu mzima kando ya lami, kapu la viazi vitamu miguuni, akinipungia mkono. Alikuwa mama mkwe. Shamba lake lipo jirani na seminari ya hapo, na alikuwa anatafuta usafiri wa kuja mjini, tena kwangu; alipoliona gari langu alidhani nimemfuata. Sitadanganya kwamba sikupata muda wa kufikiri. Nilipata kama mita mia mbili, na nilifikiri. Nikatazama taa, bado inawaka. Kibao cha pale kinataka hamsini, kwa hiyo nikapunguza, nikaweka gia ya tatu ili mshale usianguke, injini ikanguruma, nikapiga honi mara mbili kwa heshima, nikainamisha kichwa na kupita. Kwenye kioo niliuona mkono wake ukiwa bado juu.

Taa ilizima mbele, dakika ya ishirini na sita. Niligeuza haraka. Nilimkuta palepale, nikashuka, nikampa shikamoo. Aliitikia huku akitazama miti ya seminari. Nikamwomba apande.

"Hapana, baba," alisema kwa upole. "Mimi nasubiri gari linalosimama."

Na kweli likaja moja, akapanda. Nilifuata nyuma ya gari hilo hadi mjini, kwa mwendo ambao nina hakika ulirudisha nusu ya masizi.

Juma lililofuata niliitwa ukweni. Walikuwepo mama mkwe na kaka zake wawili, na mimi nikaenda na fundi, maana peke yangu nisingeaminika. Alikuja amevaa kanzu, na ndani ya gunia alibeba chujio bovu la gari jingine. Aliliweka juu ya mkeka, mbele ya wazee, akalieleza kwa utulivu kama mtu anayesoma wosia. Mjomba mkubwa aliuliza kama dereva ni mimi au ni gari. Mjomba mdogo, ambaye huvuta kiko, alilichungulia chujio kwa jicho moja, akasema hata yeye kiko chake hakipendi kuzimwa katikati. Nilidhani nimeokoka. Mkubwa akauliza ingekuwaje kama pale barabarani angekuwepo marehemu anayepelekwa kuzikwa, na fundi, mtu mkweli kupita kiasi, akajibu kwamba marehemu hapungi mkono.

Kisha mama mkwe akasema hataki mbuzi wala msamaha wa maneno. Jumamosi atakuwemo ndani ya gari, aone masizi yanavyoungua.

Alikaa nyuma, pembeni kabisa, nami nikageuza kioo cha ndani kielekee dirishani, kwa kuwa kwetu mtu hamkodolei macho mama mkwe wake. Shida ilikuwa kwamba siku hiyo taa haikuwaka. Nilimweleza kwamba chujio ni safi na hakuna cha kuchoma. Akasema amekwisha kuvaa, twende. Kwa hiyo tukaenda kuchoma masizi yasiyokuwepo, bila kusimama, mimi nikiangalia mshale usishuke. Nusu saa ikapita. Hakuniambia turudi, nikaogopa kugeuza. Tukafika Sikonge.

Pale ndipo aliponiambia nisimame. Alishuka, akajinyoosha, akasema hajafika huko tangu kabla ya kuolewa, na kwamba kuna mwenzake waliyesoma naye mafundisho ya kipaimara, hajui kama yu hai. Tuliuliza kanisani, tukaelekezwa sokoni, na kutoka sokoni hadi nyumba yenye bati jipya. Mwanamke aliyetoka mlangoni alimtazama mama mkwe kwa muda mrefu, kisha akamwita kwa jina la utotoni ambalo hata mke wangu hakuwa analijua.

Walikaa uani mpaka saa tisa, wakiongea Kinyamwezi kwa kasi ambayo sikuweza kuifuata. Nililetewa ugali na mlenda kwenye gari, kwa kuwa, baada ya kusimuliwa habari za masizi, walidhani siruhusiwi kulizima.