Sala Badala ya Chumba

Chuoni walimwita Gundi, na jina likamnata. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu katika chumba kilicho nyuma ya maktaba, mtu wa vidole vigumu na ushuhuda mwepesi: hukumaliza kumsalimu kabla hujaambiwa siku na saa aliyookoka.

Dada yake mdogo alipofiwa na mume, alimjia na mabinti wawili na godoro moja, akaomba chumba cha uani. Humo Gundi alikuwa ameweka mashine yake ya kukatia karatasi, akasema haina pa kwenda. Kisha akamshika bega, akamwombea sala ndefu, akamwambia kikubwa ni wokovu wa roho. Dada yake aliitikia amina, akajitwika godoro. Kwa miaka sita Gundi aliisimulia siku ile kama siku aliyomtia nduguye moyo.

Mwaka wa saba mwalimu wa Kiebrania, mama mmoja mtaratibu, alimletea muswada wake kuhusu wokovu katika maandiko ya kale ya Wayahudi. Fundi husomasoma ili kurasa zisipishane. Huu Gundi aliusoma hadi brashi ikamkaukia mkononi. Mwalimu alipoufuata, Gundi alimwuliza mbona habari za uzima ujao zimekaa nyuma kabisa.

"Kwa sababu zilikolea baadaye," mwalimu alisema. "Wa kale walipolia waokolewe, mara nyingi walitaka kutolewa mikononi mwa adui, au kwenye maradhi, au kwenye njaa. Mtu anatolewa pembamba, anawekwa papana. Si hata sisi tunasema dhiki? Dhiki ni ufinyu, fundi. Mtu amebanwa."

Gundi aliinama kana kwamba anatafuta sindano.

Wiki ile aliihamishia mashine sebuleni, akafagia chumba, na Jumamosi akaenda kwa dada yake. Alifunguliwa na binti mrefu asiyemjua. Ilibidi mama yake aseme kutoka ndani kwamba huyo ni mjomba.

"Nilikuwa na chumba," Gundi alisema, bado amesimama. "Nikakupa sala."

Dada aliendelea kukunja nguo. "Sala niliipokea, kaka. Tukalala barazani kwa muuza mkaa. Asubuhi akahamisha magunia yake, akatupa stoo. Tulikaa humo miaka miwili."

"Yule mlevi?" Neno lilimtoka kabla hajauma ulimi.

"Huyo huyo."

Gundi akamwambia chumba cha uani sasa ni kitupu. Dada alishukuru, akasema nafasi wanayo tayari, akamvutia kiti.

Tangu hapo huenda kila Jumamosi. Hatoi tena ushuhuda. Akiombwa, husema koo linamwasha. Dada humpokea vizuri, humtengea chakula, wala hajamkumbusha lolote hata mara moja. Gundi hula akitazama sahani.