Mihogo Kumi Kando ya Njia

Asubuhi ile tulikuwa tunapanda mihogo. Mume wangu Athanas alikata vijiti, mimi nikavichomeka ardhini, naye akanitania kwamba navipanda kichwa chini, mizizi itaota juu kama ndevu za babu. Nilicheka hadi nikaketi. Hapo ni kwetu Burundi, kabla sijajua kuogopa mlio wa lori.

Lori lilikuja adhuhuri na maiti tisa za askari. Kamanda alimwamuru Athanas achimbe makaburi kwa mstari mmoja kuanzia njiani. Akakataza misalaba, maana hakutaka adui ajue amepoteza watu wangapi. Alisoma majina mara moja tu, kisha akaichoma karatasi.

Hatukuwa na kalamu. Athanas alichomeka kijiti cha muhogo kichwani pa kila kaburi, ili mpita njia aone shamba tu.

"Mama Neema, shika majina," aliniambia. "Hawa wana mama zao."

Niliyashika. Wa kwanza kutoka njiani Yosia, wa tano Donati, wa tisa Ferdinandi. Niliyasema nikitwanga, nikayasema nikiteka maji. Vijiti vikachipua.

Wiki ya tatu askari walirudi kwa miguu. Nilikuwa ndani ya mahindi, Neema mgongoni. Walimwambia Athanas achimbe kaburi la kumi.

Hawakuwa na maiti.

Nilimziba mtoto mdomo. Sikupiga kelele, na hadi leo sijui kama nilifanya vyema. Walimfukia wenyewe, wakaondoka. Nikachomeka kijiti cha kumi.

Mwaka uliofuata mashamba yote yalikuwa yameporwa, na Neema alikuwa amevimba miguu kwa njaa. Mchana mmoja nilikwenda pale nikang'oa muhogo. Majirani waliniona. Hawakujua kilichokuwa chini, nami sikusema, kwa kuwa nao walikuwa na watoto. Kufikia jioni mstari wote ulikuwa umetifuliwa. Mvua ikapasawazisha. Tukavuka mpaka.

Sasa naishi Masumbwe. Majirani hunicheka: mtu gani wa huku asiyeonja ugali wa udaga? Nawajibu kwamba tumbo langu halipatani na muhogo.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja mzee kutoka Ushetu, ambako analima tumbaku na mwanawe wa mwisho. Alikuwa amesikia kanisani kwamba ninayo majina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye mama yake Donati. Mdogo wake anataka kwenda kumfukua, tumzike karibu na baba yake. Yuko kaburi gani?"

"La tano kutoka njiani," nilisema. Kisha nikaona aibu kumpa nusu ya ukweli. "Lakini alama hazipo, mama. Zilikuwa mihogo. Tuliila. Mimi ndiye niliyeanza, mtoto wangu alipovimba miguu kwa njaa. Leo hakuna awezaye kujua la tano ni lipi."

Nilingoja anilaani, na ningepokea.

"Ulianza na kaburi la nani?"

"La mume wangu. Niliona yeye asingeninyima."

"Na mtoto alipona?"

"Alipona. Yuko Chato, ana wanawe."

Alitikisa kichwa taratibu, akavuta kanga mabegani. Akaniomba nimtajie majina yote kwa mpangilio, nami nikaanza na Yosia. Nilipofika la tano aliinua mkono ninyamaze. Nikanyamaza. Wale watano waliobaki hatukuwafikia siku ile.