Sahani ya Dirishani

Kila siku, akishamaliza kula, Balbina huosha sahani yake mwenyewe. Haiingizi kwenye beseni la vyombo vya wengine. Huisugua kwa majivu nyuma ya jiko, ameibana kwa viganja viwili maana vidole vimegoma kukunjika, kisha huisimamisha dirishani chumbani kwake ikauke. Ni sahani ya bati yenye ua jekundu katikati, na hakuna mwingine anayeigusa.

Leticia, mke wa mwanawe Alphonce, hakuipenda sahani ile tangu siku ya kwanza. Pale kwao Lupiro mama, wakwe na watoto hula wali kwenye sinia moja. Bibi akila peke yake, lawama humwendea mpishi.

"Leti," jirani yao Devota alimwuliza siku moja kwenye mashine ya kukoboa mpunga, watu wote wakisikia, "mkweo bado anakula peke yake kama mkuu wa wilaya?"

"Anapenda mwenyewe."

"Nani apende kula na ukuta, dada? Sema umemchoka."

Watu walicheka. Leticia alijitwika ndoo ya mchele akaondoka bila kuaga.

Angeweza kuwajibu, lakini siri haikuwa yake. Ilianzia Mahenge, kwenye matanga ya mama yake Balbina, milimani kwenye baridi. Asubuhi Balbina alipochota maji vidole vyake viligeuka vyeupe kama mihogo iliyomenywa, kisha vikawa vya bluu, kisha vikawaka moto. Waliporudi bondeni walidhani yameisha. Msimu wa kupandikiza mpunga ukafika, maji ya alfajiri yakavifanya vile vile. Ngozi ya mikono ikavimba, ikakaza, ikaanza kung'aa. Mdomo nao ukawa mdogo.

"Ni ukoma," Balbina alimnong'oneza mkwewe. "Nisikudanganye, naujua. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea babu Telesphory chakula."

Telesphory alikuwa kaka wa babu yake. Aliishi kwenye kibanda mwisho wa shamba, akila kwenye sahani yake, na alipokufa sahani ilitobolewa ikaachwa juu ya kaburi. Balbina hakusubiri mtu amtenge. Alinunua sahani yake mwenyewe gulioni. Hata kanisani, padri akisema watakiane amani, aliificha mikono ndani ya kitenge.

Hospitali aliikataa kabisa. "Jibu ninalo. Niende kuuliza nini?"

Ulipoanza kumkwama wali kifuani, Leticia alichoka kubembeleza. Alimwambia Alphonce awashe pikipiki mlangoni.

"Mama, panda," alimwambia mkwewe. "Kama ni ukoma, dawa yake ipo na inaponya. Kama sio, tutajua ni nini."

Wakavuka daraja hadi hospitali ya Ifakara.

Daktari waliyemkuta alikuwa kijana, jina lake Anselim. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usinipe mkono, baba."

Akaushika hata hivyo. Alimwambia afumbe macho, akamgusa vidole kwa pamba, kisha kwa ncha ya sindano.

"Hapo," alisema Balbina. "Na hapo. Hapo unanichoma."

"Ukoma ungekuibia hisia, mama. Wewe unazo zote."

Alidondosha tone la mafuta kwenye mzizi wa ukucha akachungulia kwa lenzi yenye taa. Vimishipa, alisema, vimetanuka na kupindapinda. Kisha akaanza kufinya ngozi. Ya vidole haikunyanyuka, ilikuwa kama ngozi iliyowambwa kwenye ngoma. Mgongo wa mkono, vile vile. Alipanda taratibu, na Leticia akajikuta amesimama.

"Mbona unapanda juu, dokta?"

"Natafuta mpaka. Ugonjwa huu unaitwa skleroderma, mwili unajikakamaza wenyewe. Uko wa aina mbili kubwa. Mmoja hukaa mikononi na usoni, hauvuki kiwiko, huenda polepole. Mwingine huvuka kiwiko, hushika kifua na tumbo, na huyakimbilia mapafu na figo mapema."

Alifinya juu ya kiwiko. Ngozi ilinyanyuka. Kifua, laini. Tumbo, laini. Leticia akakaa.

Daktari hakuridhika na vidole vyake tu. Alipima presha na mkojo, akapiga picha ya kifua, akapeleka damu Dar es Salaam. Majibu yalipokuja aliwaita tena.

"Ni ule wa polepole. Lakini polepole sio salama, mama. Huo wali unaokukwama ni ugonjwa huo huo, umeshika njia ya chakula. Miaka ikienda unaweza kubana mishipa ya mapafu, kwa hiyo moyo tutaupima kila mwaka. Dawa ya kuuondoa sina. Ya kuupunguzia makali ninayo."

"Na watoto?" Balbina aliuliza.

"Hauambukizi. Hata ukila nao kijiko kimoja."

Jioni ile Leticia alipika wali na kambare wa mtoni, akapakua kwenye sinia, akamwachia mkwewe nafasi upande wa mlango. Balbina alinawa, akaja, akaketi. Wajukuu walisogea wakambana huku na huku. Walikula taratibu. Leticia alidhani yameisha.

Kesho yake mchana alimkuta nyuma ya jiko, sahani ya bati imebanwa kwenye viganja, majivu hadi kwenye vifundo vya mikono.

Leticia aliinama, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, dokta si amesema hauambukizi? Sahani ya nini tena?"

Balbina aliendelea kusugua.

"Vidole havishiki tonge, mwanangu. Jana watoto walikuwa wanakula taratibu ili wanisubiri. Na walikuwa na njaa."